Nungu wa Kindope

Bwana Miwani, mzungu mwenye kambi ya kuchimbua mifupa ya kale, alipokuwa anaondoka kwenda Lindi kungoja meli, alisimama ukingoni mwa shimo la Kindope akamwachia nyapara Mnali maneno matatu, na akayarudia mara mbili ili yasipotee njiani: "Usiguse. Ningoje. Nitachora."

Mnyama aliyelala ndani ya shimo lile alikuwa bado amekaa karibu kama alivyoanguka siku aliyokufa. Mkia wake umenyooka, miiba yake iko huku na huku, mbavu zimelalia ubavu mmoja, mabega bado yamefukiwa na udongo. Kazi ya kuchora kila mfupa mahali pake, kabla haujainuliwa, ilikuwa ya Bwana Miwani mwenyewe. Karatasi zote na kalamu zote zilikuwa ndani ya sanduku lake la bati, na sanduku lilikwenda naye Lindi juu ya kichwa cha mpagazi.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya msimu, maana msimu ulikuwa bado karibu mwezi mzima. Ilikuja tu, kama mgeni asiyebisha hodi, ikapiga tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kulipokucha siku ya tano maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu shimoni, na ile mifupa ikaanza kutoa nyufa nyembamba kama chungu kilichoanikwa juani kwa pupa.

Mnali hakwenda kutaka shauri kwa manyapara wenzake. Alikwenda kwa dada yake.

Abiti Chinguwile alikuwa nyuma ya kibanda chake anaosha mbaazi. Alikuwa mjane aliyepita miaka arobaini kidogo, mwembamba, na ndonya ya mti mweusi kwenye mdomo wa juu. Watu wa kambi walimjua kwa mambo mawili. Kwanza, yeye na wanawake wenzake ndio waliokandika mabanda yote ya mifupa. Pili, alikuwa kungwi. Kila mwaka wasichana walipochezwa unyago, yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye uwanja uliofagiwa, akamwaga chini unga, jivu na udongo mwekundu, akamtoa mnyama mzima kwa vidole vyake: chatu, chui, tembo, mamba. Wasichana waliingizwa, wakaonyeshwa, wakafundishwa, na kabla jua halijazama picha ilifagiwa isibaki hata punje. Picha ya unyago haikulala. Hilo hata mtoto alilijua.

"Dada," alisema Mnali, "yule mnyama anaharibika."

"Si mlisema amekuwa jiwe? Jiwe linaharibika?"

"Linapasuka. Nikimwacha pale juma zima, tutamzoa kwa ungo."

"Basi mtoe."

"Nikimtoa bila mchoro atakuwa lundo. Na barua ya Lindi umeisikia ilivyosomwa. Meli mwaka huu ina nafasi ndogo. Mnyama mzima anayejulikana kila kiungo chake, atapanda. Mifupa ya kukorogana ibaki mpaka mwaka kesho."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho, dada, kutakuwa na mchwa na panya na wenye kutafuta mawe ya mafiga."

Abiti aliyamwaga maji ya mbaazi. Aliona mdogo wake bado amesimama.

"Mbona unanitazama hivyo? Unataka nini?"

"Mkono wako."

Alielewa mara moja, na hakupenda. Akajifuta vidole kwenye kaniki yake, kimoja kimoja.

"Mnali. Unajua unaloliomba?"

"Sikuombi unyago. Nakuomba mchoro."

"Mkono ni ule ule."

"Mkono unaochora chui ndio unaosonga ugali, na ugali tunaula wote, wanaume na wanawake."

Abiti alitaka kukasirika, akacheka. "Hayo maneno uliyatunga njiani?"

"Tangu kule shimoni," alisema Mnali.

Yule mnyama wafanyakazi walimpa jina la Nungu. Bwana Miwani alisema wote hawa waliokuwa wanachimbuliwa, wakubwa kwa wadogo, walikuwa jamaa wa mijusi, wa zamani kuliko watu. Kambi nzima ilimsikiliza kwa adabu na kuendelea kuwaita inavyotaka. Kulikuwa na mashimo yenye wanyama warefu, mguu mmoja ukiwashinda wanaume wawili kwa kimo. Huyu wa Kindope hakuwa mrefu. Kutoka pua mpaka ncha ya mkia ulikuwa mwendo wa hatua sita au saba. Lakini shingoni alikuwa amevaa vibamba vya mfupa, viwili viwili, na kuanzia katikati ya mgongo vile vibamba viligeuka kuwa miiba, nayo miiba ikazidi kuwa mirefu na mikali mpaka mwisho wa mkia. Meno yake yalikuwa madogo kama punje, ya kutafunia majani. Abiti alipomwona mara ya kwanza, siku alipopeleka udongo shimoni, alisimama akamtazama mpaka wenzake wakamwita mara tatu.

Kwa hiyo alikubali, ila kwa masharti. Udongo mwekundu asingeugusa, huo ulikuwa wa wasichana. Unga ungekuwa wa muhogo, si wa mtama. Na asingeimba.

Kazi ilichukua siku sita. Mwishoni mwa kambi kulikuwa na banda refu lililokuwa tupu, na sakafu yake Abiti aliikandika mwenyewe mwezi uliopita. Alikuwa anashuka shimoni, anachutama ndani ya maji, anaupapasa mfupa mmoja. Anaupima kwa shibiri na kwa dhiraa, anatazama umelalia upande gani, nani jirani yake, kichwa chake kinaelekea wapi. Kisha anapanda juu bila kusema na mtu, anakwenda bandani, anauchora chini kwa unga, ukubwa ule ule, na kingo zake kwa mkaa. Hapo ndipo watu wa Mnali walipouinua mfupa, wakaufunga kwa majani na magome, na wanawake wakaupaka udongo mzito uliochanganywa na utomvu. Furushi likikauka kidogo lililetwa na kulazwa juu ya picha yake. Alama nyingine hawakuweka. Ya nini? Kila mmoja alikuwa amelala kitandani kwake.

Siku ya tatu ya kazi alikuja Mbano, nyapara wa shimo la upande wa pili wa kilima. Alikuwa Mngoni, mpana wa mabega, na kwa kuwa babu zake waliwahi kuja huku na mikuki kuwachukulia Wamwera, babu zake Abiti, ng'ombe na wanawake, sasa walikuwa watani, na hakuna aliyeweza kumzuia kusema chochote.

"Mke wangu," aliita kutoka mlangoni, "nimesikia umeolewa na nungunungu."

"Afadhali nungunungu. Wewe ulikuja kuposa na mdomo mtupu."

"Mimi nina paja kule kwangu! Paja moja! Wapagazi kumi na wawili hawaliwezi. Njoo ulione, utamsahau huyu." Akainama kutazama miiba. "Hebu niambie. Huyu amevaa mikuki huku nyuma kama askari, halafu meno yake ya kula mchicha. Mnyama gani anakwenda na mikuki kwenye mchicha?"

"Anayetaka kuula mchicha wake kwa amani," alisema Abiti, bila kuinua uso. "Mababu zako wangemkuta, ungezaliwa wapi wewe?"

Mbano alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini kabla ya kuondoka alizunguka banda lote, polepole, akiangalia asikanyage unga.

Siku ya sita yalikuwa mafurushi sitini na mawili. Nungu alikuwa amelala bandani kutoka ukuta mpaka ukuta, wa udongo juu na wa unga chini, na watu walikuja makundi kwa makundi kumtazama. Mnali alitembea kambini kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Jioni akafika tarishi: Bwana Miwani angeingia kesho kutwa, pamoja na Bwana wa Mizigo, yule aliyekuwa anaamua kipi kipande meli.

Alfajiri iliyofuata Abiti alikwenda mtoni kujisugua. Siku sita za udongo zilikuwa zimemwingia mpaka kwenye kucha. Wanawake wenzake alikwenda nao, na Mnali na watu wake walikuwa porini wakikata mianzi ya kutengenezea vichanja vya kubebea. Banda likabaki peke yake.

Aliporudi, jua limepanda, alikuta mwanamke mzee amekaa kizingitini mwa banda, miguu ameinyoosha, ufagio umelala mapajani. Pembeni yake walikaa wanawake wawili wageni na kibuyu cha maji.

"Somo wangu!" Abiti aliangusha mtungi nusura uvunjike, akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Umefika lini?"

Alikuwa Bibi Nakapala, aliyemfunda Abiti mwenyewe alipokuwa msichana, na baadaye akamfundisha kuchora. Alikaa mwendo wa siku mbili kutoka pale, na mwanawe mmoja alikuwa mchimbaji kambini.

"Marahaba, mwanangu. Nimefika jana usiku kumwona mwanangu, nimekuja na hawa wake zake. Na ni Mungu aliyenileta." Akashusha sauti. "Umepatwa na nini wewe? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi umezeeka kabla yangu. Kungwi mzima, uliyelelewa na mimi, unaacha jambo la wanawake limelala wazi, kumekucha nalo, wanaume wanapita na mashoka! Nimepita hapa alfajiri, kidogo nianguke. Macho yangu siku hizi ni ya moshi, lakini unga chini nikauona. Nikawaambia hawa, haraka, kabla watu hawajaamka vizuri. Tumekusitiri, mwanangu. Wala usinishukuru."

Abiti alisimama, akatazama ndani.

Sakafu ilikuwa safi. Ilikuwa safi kuliko siku alipoikandika. Walikuwa wamefagia, wakanyunyiza maji, na juu yake wakapaka udongo mwembamba, na alama za viganja vyao bado zilionekana, zimepangwa vizuri kama mawimbi. Pembeni, mafurushi yote sitini na mawili yalikuwa yamepangwa, makubwa chini, madogo juu, kama mihogo ya mtu anayejua kupanga.

"Na vile vinyago vyenu vya udongo," alisema Bibi Nakapala, "hatukuvunja hata kimoja. Tumeviweka."

Kumkemea aliyekufunda haiwezekani. Hilo lilikuwa neno ambalo Abiti hakuwa nalo kinywani, hata angelitafuta. Aliketi kando ya yule mzee na kumweleza, taratibu, kuanzia mvua mpaka meli.

Bibi Nakapala alisikiliza. Mwisho akanyoosha mkono, akaupapasa ufagio mapajani mwake, kama vile anataka kujua ni wa nani.

"Unga ulikuwa wa mtama?"

"Wa muhogo, mama."

"Na wekundu?"

"Haukuwepo."

"Lo. Ningekuwa na macho ningejua."

Wanaume walirudi na mianzi. Mnali alifika mlangoni akiimba, akatazama, wimbo ukakatika. Hakupiga kelele. Aliweka mianzi chini, akakaa juu yake.

"Kesho," alisema. "Kesho wanafika."

Habari ilikwenda kambini upesi kuliko moshi. Haikupita muda Mbano alikuwa amesimama pale, na watu wake nyuma yake.

"Wamwera!" alisema. "Sisi Wangoni tumepigana na watu wengi, tukaua, tukachoma. Lakini kumfagia mnyama akaisha, hilo hatukuwahi kulifikiria!"

Watu wakacheka, hata wengine ambao hawakutaka. Mnali aliinamisha kichwa. Na ni pale, alipoona shingo ya mdogo wake imeinama mbele ya Wangoni, ndipo Abiti aliposimama.

"Leteni unga," alisema.

"Dada..."

"Unga, Mnali. Na mkaa. Na hao mababu zako waliochoma," akamgeukia Mbano, "walichora? Hawakuchora. Basi nyamaza ujifunze."

Bibi Nakapala alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yake. "Mimi nilikufundisha kuchora chui," alisema, "chui akiwa wapi?"

"Hayupo, mama. Ulinikataza kuchora nikiwa natazama."

"Nilikuchapa hata."

"Ulinichapa."

"Haya. Piga magoti."

Alipiga magoti ukutani, akaanza na mkia. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito, na wanaume wote wale mlangoni walikuwa kama mzigo mgongoni. Alifumba macho, akajirudisha shimoni, maji kwenye vifundo, kidole chake kwenye mfupa wa mwisho kabisa, mdogo kama dole gumba, unaoelekea mawio. Jirani yake mkubwa kidogo. Jirani yake mkubwa tena, na pembeni mwiba mmoja kulia na mmoja kushoto, wa kushoto umepasuka katikati. Unga ukaanza kutoka vidoleni bila yeye kuuhesabu. Alirudi nyuma kwa magoti, shibiri kwa shibiri, na mnyama akatoka mbele yake. Jua lilipita juu ya banda na kushuka upande wa pili, na mtu fulani akamwekea uji kando, ukapoa.

Alipofika puani alinyanyuka, magoti yamekuwa meupe.

"Sasa leteni mafurushi. Fungueni ncha tu, nione mfupa."

Hapo kazi ikawa ya wote. Mnali alifungua, Abiti akapapasa, akasema, "Huyu wa mkiani, wa tisa," na lile furushi likaenda kulala. Likija jingine, "Ubavu wa kushoto, wa tatu." Jingine, "Kibamba cha shingoni, kikubwa cha kulia." Ilikuwa kama mtu anapokea wageni wa harusi na kumwonyesha kila mmoja mkeka wake. Pingili za uti wa mgongo zilizolala jirani walijaribu kuzikutanisha, na zikakutana, mwanya wa moja ukimeza ncha ya nyingine. Kila zilipokutana watu walitoa sauti moja, "Aaa!"

Yapata furushi la arobaini Mbano naye akaja amebeba moja.

"Hili nalo, mke wangu. Wapi?"

Abiti aliingiza vidole. Akaupapasa mfupa, akaurudia. Akainua uso.

"Hili si langu."

"Si lako vipi? Limetoka kwenye lundo lako."

"Langu lina chembe nzito, linakwaruza. Hili laini kama sabuni. Hili limetoka shimoni kwenu, Mbano, na aliyelipaka udongo hajui kazi, ameacha nyufa. Lirudishe kwa paja lako."

Banda lililipuka. Watu wa Mbano wenyewe walimpiga mgongoni, na yeye alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili akicheka.

"Nimeshindwa!" alisema. "Nimeshindwa, jamani. Nipeni la kweli nibebe." Na kuanzia hapo alibeba mafurushi ya Nungu mpaka la mwisho, tena kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kesho yake, saa ya jua la utosi, wazungu wawili waliingia kambini. Bwana Miwani alikuwa amekonda kwa homa. Bwana wa Mizigo alikuwa mfupi, na saa yake aliitazama kila mara. Mnali aliwaeleza habari yote, hakuficha kitu: mvua, picha, ufagio, picha ya pili. Bwana Miwani alitazama shimo, ambalo sasa lilikuwa dimbwi lenye vyura, kisha akaja bandani haraka, karatasi mkononi, akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Viatu," alisema Abiti.

Bwana Miwani alisimama, mguu juu.

"Bwana, humo tumeingia sote miguu mitupu. Viatu vyako vina misumari. Ukikanyaga unga hatutajua tena ulikuwa wapi."

Bwana Miwani alitazama buti zake, akatazama ule mchoro, mwendo wa hatua saba, na mwiba kila mahali pa mwiba. Akakaa chini kizingitini akaanza kufungua kamba. Soksi zake zilikuwa zimetoboka vidoleni, na hakuna aliyecheka, ingawa Mbano ilibidi atoke nje.

Akaingia. Alikwenda kwa magoti kama Abiti alivyokwenda, kutoka mkiani, akipima kwa utepe wake na kuandika. Pingili alizikutanisha mwenyewe. Alifungua hili na lile, akanung'unika kwa lugha yake, akasema "vizuri" mara nyingi, na mara nyingine alitikisa kichwa tu. Kivuli cha banda kilirefuka. Bwana wa Mizigo alikuja mlangoni mara tatu kuuliza jambo lile lile, na Mnali, aliyeokota maneno mawili matatu ya Kidachi, lugha ya wazungu hao, alilielewa: mzima, au si mzima?

Ikabaki miiba miwili. Ilikuwa mirefu kuliko yote, na kitako chake kipana kama sahani, na Abiti alikuwa ameichora mmoja kila bega.

Bwana Miwani alikaa juu ya visigino vyake. "Hii hapana," alisema. "Mnyama huyu mbele ana vibamba. Miiba yote iko nyuma. Hii ni ya nyonga. Hapa." Akaonyesha nyongani kwa kalamu. "Wewe umesahau kidogo. Si kitu, kazi kubwa sana. Nitaandika nyonga, basi amekamilika."

Mnali alipumua. Alimtazama dada yake, na macho yake yalikuwa yanasema wazi kabisa, kubali, dada, kubali tumalize. Bwana wa Mizigo alikuwa mlangoni, kifuniko cha saa kimefunguka. Lilikuwa neno dogo. Angeitikia tu, "Ndiyo, Bwana," na Nungu angepanda meli.

Abiti alitazama bega la unga. Alijua akikataa, kutakuwa na shaka, na shaka moja huzaa nyingine. Bwana huyu ataanza kuuliza kama mkia nao umesahaulika, na mbavu. Alijua hilo vizuri. Lakini alikumbuka pia ule mfupa mpana wa bega, ulipofukuliwa chini ya maji, na kile kitako cha mwiba kimeulalia kama mkono wa mtu uliolala kwenye bega la mwenzake, na jinsi alivyoupapasa mara mbili kwa sababu yeye mwenyewe alishangaa.

"Si nyonga, Bwana," alisema. "Ni bega."

"Wanyama wa namna hii, kule kwetu vitabu vinasema..."

"Vitabu sivijui. Mwiba huu ulilala begani, wa kulia na wa kushoto, wote wawili. Huwezi kuandika nyonga."

"Una hakika?"

Sauti yake Abiti ilikuwa ya chini kama siku zote, lakini banda lilikuwa kimya, na mpaka walioko nje waliisikia.

"Wewe hukuwepo, Bwana. Mimi nilikuwepo."

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akainama juu ya karatasi, akaichora ile miiba miwili mabegani, mmoja huku, mmoja huku, na chini yake akaandika mstari mrefu wa maneno.

"Mzima?" aliuliza Bwana wa Mizigo kutoka mlangoni.

"Mzima," alisema Bwana Miwani.

Bibi Nakapala, aliyekuwa amekaa nje na kuegemea ukuta tangu asubuhi, aliuliza wanasema nini. Mnali alikuwa amekwisha kwenda kuita wapagazi, ikabidi Mbano amjibu kwa niaba yake kwamba Nungu atapanda meli. Yule mzee alitikisa kichwa, akanyoosha mkono anyanyuliwe. Alisema ameona njaa, na kwamba mtu aliyefanya kazi ya siku nane bila shaka ameona njaa zaidi, basi nani kati ya wanaume wote hawa waliosimama hapa bure atakwenda kutwanga mtama?